Miezi Minane na Bomba la Egzosti Mbele ya Turbo

Mamangu ndo alikuwa wa kwanza kusikia. Tulikuwa tumetoka Kisauni twaenda Likoni kwenye hitima, tumevuka daraja la Nyali vizuri, na pale Buxton nikapata nafasi nikakanyaga mafuta kidogo kwenye gia ya 3, akanigeukia akaniuliza, "Gari yako yapiga miluzi toka lini?" Nkamwambia Mama hiyo ndo sauti ya turbo, ndo nilivyoitaka mwenyewe. Akanyamaza kidogo halafu akasema, "Mwaka jana ilikuwa yavuma. Sasa yalia."

Hayo maneno yalikaa na mimi mpaka siku nilipofungua.

Naandika haya kwa sababu wiki iliyopita kuna kijana wa mtaani kwetu alikuja na picha kwenye simu, filta ya koni nyekundu na bomba linang'aa, akaniambia kaka nataka kuweka kama ile yako ya zamani, ile sauti yake mpaka leo watu wanaikumbuka. Nikamkalisha barazani tukaongea karibu masaa mawili, na baadaye nikaona bora niyaandike yote vile yalivyokuwa, manake ushauri mwingi kuhusu hizi bomba za hewa unatoka kwa watu ambao hawaendeshi gari hapa Mombasa, na hapa Mombasa kuna joto, chumvi na maji, na vyote vitatu vinaingia pale pale hewa inapoingia.

Gari yenyewe ni Subaru Forester SG5 ya 2004, manuali, injini EJ205 ya cc 1,994 na turbo ndogo ya TD04, yaani ile feni ya kuisukumia injini hewa. Wajapani waliiandikia nguvu za farasi 220. Niliinunua ikiwa haijaguswa kabisa, ina boksi lake la plastiki la eakilina, yaani filta ya hewa, mdomo wake wa kuchukulia hewa mbele karibu na grili, kila kitu. Na mimi nilipofungua boneti mara ya kwanza kitu nilichokiona ni lile boksi, jeusi, kubwa, baya, nikasema hili ndo litakuwa la kwanza kutoka.

Sasa kabla sijaendelea hebu tufuate hewa inavyopita, kwa sababu usipoijua njia hutaelewa kosa lilikuwa wapi. Hewa inaingia mbele, inapita kwenye eakilina, halafu kwenye mfuniko wa lile boksi kuna sensa ya hewa, mafundi wengi wanaiita eaflo, ina waya mwembamba sana unaopashwa moto na umeme na hewa ikipita inaupoza, komputa inaangalia umeme kiasi gani unahitajika kuuweka ule waya kwenye moto wake na kutoka hapo inajua hewa kiasi gani imeingia. Ikitoka hapo hewa inaingia kwenye bomba la mpira mgumu mgumu wa plastiki ambalo linapinda linapita chini ya manifoldi, yale mabomba ya kugawia silinda hewa, mahali ambapo mkono hauingii, mpaka kwenye mdomo wa turbo. Turbo inaikandamiza, inaisukuma kwenye intakula, ile kama rejeta ya kupoza hewa, pale juu ya injini, chini ya ile pua ya boneti, halafu ndo inaingia kwenye injini. Kwa hiyo kuna upande wa kuvutwa na upande wa kusukumwa. Kabla ya turbo bomba linanyonywa, baada ya turbo bomba linajazwa. Tundu likitokea upande wa kunyonywa, hewa ambayo sensa haikuihesabu inaingia, petroli inakuwa kidogo kuliko hewa. Tundu likitokea upande wa kusukumwa, hewa iliyokwisha hesabiwa inatoroka, petroli inakuwa nyingi, unaona moshi mweusi nyuma. Hayo mambo mawili ukiyaweka kichwani umeshajua nusu ya matatizo ya gari za turbo.

Mimi nilitoa boksi lote. Nikampelekea fundi wa kuchomelea filta ya koni na vipimo, akanitengenezea bomba la inchi 3 kwa chuma cha egzosti, kile kile cha kawaida, akakata akaunga vipande vitatu kupata kona, akachomelea kikalio cha ile sensa, akapiga grainda nje, akapaka rangi ya fedha ya kustahimili moto. KSh 4,500 na kazi yake. Nje lilikuwa zuri wallahi. Weldi zimelala, rangi imekaa. Ndani sikuangalia. Nililifunga siku ile ile jioni, kichwa kimoja kwenye ule mpira unaoingia chini ya manifoldi, kichwa kingine filta, halafu likabaki linaning'inia hivo hivo bila kishikizo, uzito wote umebebwa na ule mpira.

Sauti ilikuwa tamu, hilo sikatai. Ukiwa unapanda pale Mazeras kwenye gia ya 3 unaisikia turbo inavuta hewa kama mtu anavuta pumzi kabla hajapiga mbizi. Na nilipoona nimeshaanza nikaongeza na jingine, ile valvu ya juu ya intakula inayotoa presha ukiachia mafuta, kiwandani wameiunganisha irudishe hewa kwenye bomba la kabla ya turbo, mimi nikaziba ile njia ya kurudi nikaiacha iteme nje ili itoe ile sauti ya "psshh". Hewa ile ilikuwa imeshapita kwenye sensa, komputa imeshaihesabu na petroli yake ipo, sasa wewe umeimwaga nje kila unapobadilisha gia, petroli inabaki peke yake. Ndo maana gari yangu ilikuwa ikibadilisha gia inakohoa kidogo na bampa ya nyuma ilikuwa nyeusi upande wa egzosti, na mimi kila Jumapili naifuta na sabuni tu.

Joto nililigundua kwenye foleni ya ferry. Nilikuwa nimenunua kile kidude cha kuchomeka chini ya stiaringi kinachoongea na simu kwa Bluetooth, na ile sensa ya hewa ndani yake ina kipimo cha joto pia, kwa hiyo kwenye simu unaona hewa inayoingia ina nyuzi ngapi. Ilikuwa Machi, na Machi ya Mombasa kila mtu anaijua, upepo wa kaskazi umeshachoka na kusi bado haijaingia, nje ni nyuzi 33 na jasho halikauki. Tuko kwenye mteremko upande wa kisiwani, magari hayasogei, wauza korosho na maji wanapita, na mimi naangalia simu. 48. 53. 57. 62. Ile filta ya koni ilikuwa iko wazi ndani ya boneti, jirani na rejeta na injini, inanyonya hewa iliyopikwa na injini yenyewe, na lile bomba la chuma ukiligusa linaunguza vidole. Nilifikiri tukishuka upande wa pili gari ikianza kwenda itapoa mara moja, lakini tulipanda Likoni, tukapita mataa, tukaingia barabara ya Ukunda, na dakika 5 nzima ilikuwa bado iko 55 na kitu. Chuma kikishashika moto hakiuachii haraka.

Rafiki yangu mmoja ana Forester kama yangu haijabadilishwa kitu, nikamwomba siku moja tutoke saa ile ile njia ile ile na kidude kile kile. Boksi lake la plastiki, kwenye foleni lilifika 44, na gari ilipoanza kutembea ikashuka mpaka 38 kabla hatujafika mbali. Sasa piga hesabu. Hewa ya nyuzi 62 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 38 kwa karibu asilimia 7, na kwa injini ya farasi 220 hizo ni kama farasi 15 umeziacha barabarani kabla turbo haijafanya kazi yoyote. Halafu turbo yenyewe ikikandamiza hewa inaipasha, ikitoka hapo inakuwa imepita nyuzi 100, na kadiri ilivyoingia na moto ndo inavyotoka na moto zaidi, na ile intakula ya juu ya injini nayo inategemea upepo wa kupita kwenye pua ya boneti, kwenye foleni upepo huo haupo. Lile boksi jeusi baya ambalo mimi nilililaumu kwa kubana hewa, kazi yake ilikuwa kuikinga hewa na joto la injini. Plastiki haipitishi moto kama chuma. Mdomo wake unachukua hewa ya mbele, ya nje, kabla haijapita kwenye rejeta. Watu wa kiwandani walikuwa wamefikiria.

Nairobi mtu anaweza kuweka koni wazi asiteseke sana, usiku kule ni baridi na hewa haina chumvi. Lakini pia kule juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, presha ya hewa ni pungufu ya hapa kwetu kwa karibu moja ya tano, kwa hiyo mtu wa kule anahangaikia wingi wa hewa, anatafuta kila njia ya kuifungulia turbo. Sisi huku bahari iko hapo, hewa tele, imejaa. Kinachotusumbua sisi ni kwamba hewa yenyewe ni ya moto na imejaa unyevu, na ule mvuke unachukua nafasi ya oksijeni, siku za joto zito huwa kama asilimia 3 hivi. Kwa hiyo ukisoma mtu wa Nairobi anakwambia toa boksi gari itapumua, elewa ameongea kuhusu gari yake na hewa yake.

Tukirudi kwenye sensa. Hili ndo lilinifunza zaidi kuliko yote. Komputa haijui bomba lako ni pana kiasi gani. Ilifundishwa kiwandani kwamba sensa iko kwenye njia yenye upana fulani, kwa hiyo umeme fulani unamaanisha hewa fulani. Ukiihamishia sensa ile ile kwenye bomba pana zaidi, hewa ile ile inapita polepole zaidi mbele ya ule waya, waya haupoi sana, komputa inasoma hewa kidogo kuliko iliyopita kweli. Tuseme njia ilikuwa milimita 70 wewe ukaweka 76, kwa macho hizo milimita 6 huzioni lakini eneo la tundu limeongezeka asilimia 18, kwa sababu eneo linaenda na upana mara upana. Injini inapata hewa nyingi na petroli ya hewa kidogo. Ukienda polepole komputa inanusa egzosti na inajirekebisha, kwenye simu yangu nilikuwa naona inaongeza petroli asilimia 14 muda wote, na baada ya wiki chache taa ya injini ikawaka, nambari P0171, maana yake mchanganyiko una petroli haba. Fundi mmoja akaifuta nambari akanirudishia gari. Ikawaka tena. Akaifuta tena.

Na hatari yake ni ukikanyaga mafuta mpaka chini, hapo komputa haisubiri tena kunusa, inatumia hesabu zake ilizokariri. Petroli haba, hewa ya moto, turbo imejaa, injini inaanza kugonga ndani, na hizi injini za Subaru kugonga zikizoea ni pistoni zinapasuka pale kwenye kingo za ringi. Mimi Mungu alinistahi. Nilikuwa nasikia kama mtu anatikisa kokoto kwenye kopo kwa mbali, nikipanda mlima Mazeras, nikawa naongeza sauti ya redio.

Kulikuwa na wazo jingine ambalo nilikaribia kulifanya na nashukuru sikulifanya. Nilipoona joto la boneti limenishinda nikataka kuishusha filta chini kabisa, nyuma ya bampa, pale kwenye taa ya ukungu, hewa ya pale ni ya baridi kweli. Kijana mmoja wa Utange alikuwa ameshafanya hivyo. Ikaja mvua ya Mei, ile ya kusimamisha mji, barabara ikageuka mto, akaingia kwenye dimbwi ambalo halikufika hata nusu ya mlango, na gari ikazima hapo hapo kwa mshindo mmoja. Maji hayakandamiziki. Yakiingia kwenye silinda pistoni inapanda inakuta ukuta, na kitu cha kupinda ni konrodi, kile chuma kinachoishika pistoni. Walipofungua injini, konrodi moja ilikuwa imepinda mpaka unaiona kwa macho. Mji wetu unajaa maji kila mwaka, tunajua mwezi wenyewe, kwa hiyo kuweka pua ya gari chini ya magoti yako hapa Mombasa mimi siwezi kumshauri mtu. Zile gari za Safari Rally za miaka ya tisini zilikuwa zinapandishiwa bomba la hewa mpaka juu ubavuni mwa kioo cha mbele kwa sababu hiyo hiyo, mito na vumbi.

Na madamu tumezitaja hizo gari, kuna jambo moja lilinifungua macho kuliko video zote nilizoangalia. Mwaka 1997 dereva Colin McRae alishinda Safari na Subaru Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns naye akashinda na Impreza, na zile gari kanuni ilikuwa inawalazimisha hewa yote ya injini ipite kwenye tundu la milimita 34 mbele ya turbo. Milimita 34! Chukua chupa ya soda ya plastiki, mfuniko wake ni kama milimita 30 hivi, tundu lenyewe lilikuwa limezidi hapo kidogo tu. Na bado walikuwa wanapata karibu farasi 300 na kuvuka Kenya nzima. Mimi na farasi 220 zangu za kwenda kazini nilikuwa nimejiaminisha kwamba boksi la kiwandani, lenye njia ya upana mara mbili ya hiyo, ndo linanibana.

Sasa siku yenyewe ya kufungua. Ilikuwa Jumamosi, nimeiegesha chini ya mwembe nyumbani, boneti juu, na nia yangu ilikuwa kusafisha sensa tu kwa sababu ile taa ilikuwa imenichosha. Nikalegeza klipu, nikavuta bomba, likatoka na mchanga mchanga ukamwagika kwenye mkono wangu. Nikafikiri ni vumbi limepita filta. Nikaingiza kidole ndani nikakizungusha, kikatoka cha rangi ya chungwa mpaka kwenye kucha. Kutu. Ndani hapakupakwa rangi wala chochote, chuma kitupu, na miezi minane ya hewa ya pwani, gari inalala mita mia chache kutoka baharini, usiku ule unyevu wa chumvi unaingia unakaa humo, asubuhi joto linaukausha, kesho tena. Kutu ilikuwa imeinuka magamba, ukiyagusa yanabanduka. Na pale kwenye maungio ya weldi, ndani, nikahisi vijipele vikali, matone ya chuma yaliyoganda wakati wa kuchomelea, vingine vimebaki, vingine nafasi yake ipo lakini chenyewe hakipo. Nikakaa chini kabisa. Manake vilikuwa vimeenda mbele, na mbele ni turbo.

Kuuona mdomo wa turbo kwenye Subaru ni kazi, lazima uinue manifoldi. Nikaenda kwa mzee mmoja fundi, Shimanzi, mtu mtulivu sana, amefanya kazi na injini toka ujana wake, nikamwamkia shikamoo akaitika marahaba, nikampa bomba akaliangalia ndani kwa tochi, hakunigombeza. Akaniambia, "Mwanangu, hili ni bomba la kutolea. Moshi ukitoka na kutu yaenda barabarani. Hewa ikiingia na kutu yaenda wapi?" Kisha akaniambia nimpe siku nzima.

Kweli ilikuwa siku nzima. Akatoa intakula, akalegeza bolti za manifoldi, akachomoa waya moja moja na kuzifunga vitambaa vya rangi ili asizichanganye, akaiinua kiasi cha kupitisha mikono, na lile bomba la mpira la kiwandani likatoka. Lilikuwa na ufa. Shingoni, pale linapopokea bomba langu, ufa wa urefu wa kidole gumba, kwa sababu lile chuma lote lilikuwa linaning'inia hapo likitikisika na kila tuta la Kisauni, na ule mpira umeshazeeka miaka 20 karibu na injini ya moto. Ukiushika umetulia ufa hauonekani, ukiubonyeza unafunguka kama mdomo. Sasa injini ikiwa aido, inanguruma tu bila kukanyagwa mafuta, ufa unanyonya kidogo, lakini ukikanyaga mafuta turbo ikivuta kwa nguvu ufa unapanuka, unapiga mluzi. Mamangu alikuwa amesikia ufa.

Halafu akanipa tochi nikaangalia mapanga ya turbo. Ni kitu kidogo ukikiona, feni ya aluminiamu unaifumbata kwenye kiganja, lakini ikifanya kazi inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kingo za mbele zilitakiwa ziwe zimenyooka kama wembe. Mapanga mawili yalikuwa yamepigwa, vijipengo vidogo kama ukingo wa kisu kilichokatia mfupa, na mengine yote yalikuwa yamekwaruzwa yamekuwa ya kijivu. Mzee akashika ile nati ya katikati kwa vidole viwili akaitikisa juu chini, halafu mbele nyuma. "Shafti bado yashika," akasema. "Umewahi." Ile turbo iko kwenye gari mpaka leo, na kila nikibadilisha oili naicheki.

Tulichofanya baada ya hapo hakina picha nzuri ya kuweka kwenye simu. Boksi la kiwandani nililipata la mitumba, kutoka gari iliyokatwa, pamoja na mfuniko wake na mdomo wake wa mbele. Sensa ikarudi kwenye njia yake ya upana wake, baada ya kusafishwa na dawa yake ile ya kupuliza, ule waya haukuguswa kwa kitambaa wala kwa kidole, ulikuwa umepata na mafuta kutoka ile filta ya pamba ambayo mimi nilikuwa naimwagia oili kwa wingi nikidhani ndo kuitunza. Ndani ya boksi tukaweka eakilina ya karatasi ya kawaida, na hiyo kwa vumbi letu naibadilisha mapema, sisubiri kitabu. Ile valvu ikarudishiwa njia yake ya kurudi.

Pesa yote nikaiweka kwenye kitu kimoja ambacho hakionekani ukifungua boneti, bomba la silikoni la chini ya manifoldi, lile la kuchukua nafasi ya ule mpira uliopasuka. Na hapo pia kuna silikoni na silikoni. Upande wa kunyonywa bomba likiwa jembamba laini linajikunja lenyewe ndani ukikanyaga mafuta, nje huoni kitu, gari inakata nguvu tu, kwa hiyo bonyeza kwa dole gumba kabla hujalipa, liwe na matabaka ya kitambaa ndani, na kama limetiwa waya wa kulishikilia ni bora zaidi. Angalia na matundu yake yote, la mvuke wa oili wa injini, la valvu, la kidude cha kuongozea presha ya turbo, yawepo na yawe saizi ya gari yako, nimeona mtu ameziba moja kwa plagi ya zamani na klipu. Zile klipu za kukaza na bisibisi zenye meno zinakata silikoni, tumia zile bapa za bolti na nati, na zisiwe za chuma cha bei rahisi, chumvi yetu itazila kabla ya mwaka.

Baada ya kufunga tukapima uvujaji, na hii kila mtu anaweza kufanya. Nilinunua kifuniko cha bomba la maji la inchi 3 pale hadwea, nikatoboa tundu, nikapitisha valvu ya tairi tubles, nikakaza. Kile kifuniko unakivalisha kwenye mdomo wa bomba baada ya sensa, sensa usiipulizie. Njia za mvuke wa oili unazichomoa unaziziba, ili usijaze upepo kwenye injini ukasukuma sili. Nikaenda kwa kaka wa pancha, akaniangalia kama nimechanganyikiwa, nikamwambia kaka nijazie polepole mpaka psi 8 usipitishe. Akajaza. Na mimi na kichupa cha maji ya sabuni nanyunyizia kila kiungo, tochi ya simu mkono mmoja, kioo kidogo cha kujipodolea cha dadangu mkono mwingine kuangalia chini ya manifoldi. Upepo kidogo utausikia unapotelea ndani ya injini kupitia valvu zilizo wazi, huo usikushtue. Ninachotafuta ni povu. Chini ya manifoldi hakuna. Kwenye mpira wa kati ya turbo na intakula, povu likaanza kukua taratibu, dogo, kama yai la mjusi, likapasuka, likakua jingine. Kumbe na pale palikuwa panavuja, upande wa kusukumwa, sijui toka lini. Nikakaza klipu robo mzunguko mbele yake na povu likaacha. Yule kaka wa pancha akainama akaangalia mwenyewe, akasema sasa hii ni kama pancha tu. Nikamwambia ni pancha kabisa.

Gari sasa hivi haina mluzi. Ile asilimia 14 imekuwa 2, mara 3. Foleni ya ferry inafika 45, ikitembea inarudi 37, 38. Petroli imepungua, kipande changu cha Kisauni mpaka Changamwe na kurudi nilikuwa nikijaza kila siku ya nne, sasa siku ya tano inafika. Na nguvu ya chini imerudi, ile ya kutoka kwenye mataa bila kuita turbo, ambayo nilikuwa nimesahau kwamba hii gari ilikuwa nayo.

Yule kijana aliniuliza kama basi hakuna kitu cha kubadilisha. Nikamwambia kipo, ukibadilisha turbo kubwa na ukaenda kwa mtu anayejua kuandika upya hesabu za komputa, hapo bomba pana lina maana yake, lakini liwe aluminiamu au silikoni, ndani laini, sensa iwe kwenye kipande kilichonyooka mbali na kona, na filta iwe kwenye boksi lake lenye ukuta, inachukua hewa ya nje, juu. Akaniambia yeye gari yake haijatoka kiwandani na mluzi lakini siku hizi anausikia kidogo akikanyaga. Nikamwonyesha lile bomba langu la zamani, bado ninalo, liko chini ya kitanda kwenye gunia. Akaingiza kidole akakizungusha.

Jumamosi anakuja na gari yake asubuhi kabla jua halijawa kali. Kifuniko cha inchi 3 ninacho, valvu ipo, amesema atakuja na klipu nne.